Bunduki gani ubebe ukienda kwenye pori la dubu

Swali hili naulizwa sana na linakujaga hivohivo: ndugu, nataka kwenda kutembea Alaska, au Montana, au Wyoming, ninunue bunduki gani kwa ajili ya dubu? Na mara nyingi anayeuliza jibu analo tayari kichwani, kashaangalia video zake, kashaiona rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) moja nene kama mtarimbo, anachotaka tu ni mimi niseme haya kanunue.

Mi huwa naanza na hesabu. Dubu wa kahawia, huyu wanayemwita grizli, anakimbia mpaka kilomita 56 kwa saa, yaani kama mita 15 kwa sekunde moja. Sasa yule dubu uliyemwona toka mbali na yeye akakuona mapema huyo wala hana shida, mara nyingi anaondoka zake. Wa hatari ni yule mnayekutana naye ghafla kwenye vichaka vya kando ya mto, upepo unatoka kwake unakuja kwako kwa hiyo harufu yako hajaipata, maji yanapiga kelele hajasikia hata miguu yako, na yeye ana watoto au ana mzoga kaufukia majani hapo pembeni. Mnaonana mko mita 30 au chini ya hapo. Mita 30 ni sekunde mbili. Ndani ya hizo sekunde mbili ushtuke, uelewe unachokiona, mkono uende kwenye silaha, uichomoe, uielekeze, ufyatue, halafu umpige mnyama anayekuja kichwa kiko chini karibu na ardhi na mwili mzima unapanda na kushuka. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye kaliba, yaani unene wa risasi, silaha ambayo haiko mwilini mwako, tena mahali mkono unapafikia wenyewe bila kufikiria, hiyo hesabu kama umeiacha nyumbani.

Nenda mto wowote wenye samoni mwezi wa saba au wa nane utaona ninachosema. Mtu kasimama ndani ya maji mpaka magotini, mikono yote miwili imeshika fimbo ya kuvulia, na shotigani yake nzuri ya bei mbaya kaiegemeza kwenye gogo kule ufukweni hatua kama ishirini nyuma yake. Na samaki aliowavua wako wapi? Wamelala palepale chini ya gogo. Yaani dubu akitokea kwenye majani atafika kwenye samaki na kwenye bunduki kabla ya mwenye bunduki. Na jamaa ukimuuliza anakwambia mi niko vizuri nina shotigani.

Haya, na kabla ya bunduki kuna spreyi ya pilipili, najua wengi hapa ndo mnafunga ukurasa lakini nisikilizeni kidogo. Watafiti wakiongozwa na Tom Smith na Stephen Herrero walikusanya matukio 83 ya watu waliotumia spreyi Alaska kati ya 1985 na 2006, wakakuta kwa dubu wa kahawia spreyi ilimzuia alichokuwa anafanya mara 92 kati ya 100, na katika watu waliokuwa nayo asilimia 98 hawakujeruhiwa. Mwaka 2012 wakatoa ya bunduki, matukio 269 ya Alaska, toka 1883 mpaka 2009. Bastola zilifanya kazi asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76. Watu wa spreyi wakazichukua hizi namba mbili wakaziweka pamoja wakasema basi kesi imeisha, mi naona hapo wanavuta kamba upande wao. Kwenye matukio ya spreyi wapo dubu wengi waliokuwa wanachungulia tu kambi au wanatafuta chakula, na kwenye bunduki mambo yaliyoandikwa toka karne ile ni yale yaliyokuwa mabaya, nani angeandika kwamba alipiga risasi moja juu dubu akakimbia. Huwezi kuzilinganisha moja kwa moja hivo.

Ila kilichonivutia mimi kwenye ule utafiti wa bunduki ni sababu za kushindwa. Hakuna mahali wanasema jamaa alikufa kwa sababu kaliba yake ilikuwa ndogo. Wanasema hakupata muda. Aliogopa kuua akachelewa. Bunduki ilikwama. Sefti, kile kizuizi cha usalama cha bunduki, ilikuwa imefungwa. Alikosa shabaha. Risasi ziliisha akashindwa kujaza. Dubu alikuwa kashafika mwilini. Yaani karibu kila kitu ni mtu na mikono yake, na sisi tunakesha kubishana kuhusu unene wa risasi.

Kwa hiyo ushauri wangu spreyi inakuja kwanza, iwe kiunoni au kifuani sio ndani ya begi la mgongoni. Inatupa wingu mpaka kama mita saba mpaka kumi, huhitaji shabaha ya maana, na ukikosea hujamuua mwenzako aliyekuwa anakokotana na dubu. Hilo la mwisho watu hawalifikirii kabisa, mara ngapi dubu kamwangusha mtu na mwenzake ndo mwenye bunduki, sasa unapiga wapi hapo? Spreyi unawamwagia wote wawili, watalia wote ila mmoja atakimbia. Ubaya wake upo pia, upepo ukikujia usoni inakurudia, kwenye mvua na baridi kali nguvu inapungua, ina tarehe ya mwisho ambayo watu hawaiangaliagi, na kwenye ndege hupandi nayo hata kwenye begi la chini, utainunua ukifika. Na hata sehemu ambazo ni lazima uwe na bunduki, kwa mfano Svalbard, visiwa vya Norwe kule kwa dubu wa barafuni ambako nje ya mji watu wanatembea na raifo, bado utaratibu ni kumfukuza kwanza, bastola ya fataki inatangulia, risasi ya kuua ni ya mwisho kabisa.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba risasi ya kujilinda na mtu na risasi ya dubu ni vitu viwili tofauti kabisa. Zile za kujilinda na mtu, zenye tundu kwenye ncha, zimetengenezwa zifunguke haraka zisipite upande wa pili zikampiga jirani. Kwa dubu hiyo ndo sifa mbaya. Dubu dume mkubwa wa Kodiak, kisiwa cha Alaska, anafika mpaka kilo 680, na hata wa kawaida ana manyoya, ngozi nene, tabaka la mafuta, halafu misuli ya mabega, halafu mifupa, ndo ufike kwenye moyo na mapafu. Risasi ikifunguka kwenye mafuta imekwisha kazi. Unataka risasi ngumu, ya madini ya risasi (lead) yaliyochanganywa na madini mengine yakawa magumu au ya shaba tupu, ncha yake bapa sio ya mviringo, nzito kwa kaliba yake, inayokwenda ndani moja kwa moja bila kupinda njia. Bastola ndogo yenye risasi sahihi inaweza kuizidi kubwa yenye risasi ya kihuni, na mwaka 2016 kule Alaska kuna kiongozi wa wageni alimuua dubu wa kahawia kwa bastola ya 9mm, watu hawakuamini, lakini alikuwa na risasi ngumu za kupenya na alikuwa mtu wa miaka mingi porini aliyejua pa kupiga. Sisemi ukabebe 9mm. Nasema soma boksi la risasi kabla hujasoma bei ya bastola.

Na hili la kwamba fuvu la dubu linarudisha risasi, mnalipenda sana, sio kweli hivo. Shida ni kwamba ubongo wake ni mdogo na umekaa chini kwa nyuma, ile paji ya juu unayoiona pana ni misuli na mafuta na mfupa wa mwinuko. Ukilenga juu ya macho kama unavyolenga kwenye picha za katuni risasi inapita juu ya ubongo. Akija usawa wako unalenga chini, kwenye pua au chini kidogo, hapo ukikosa kichwa risasi inaingia shingoni na kifuani. Akigeuka ubavu, mabega, kwa sababu dubu aliyevunjika bega hawezi kukimbia.

Bastola basi. Kwa mtu wa kutembea na mvuvi mi nitasema bastola mbele ya bunduki ndefu, sio kwa sababu ina nguvu, haina, ila kwa sababu utakuwa nayo. Hapa kuna kambi mbili na wanachukiana kweli. Kambi ya rivolva ya .44 Magnum, kaliba ya mwaka 1955, risasi sita za greini 300 hivi ambazo ni kama gramu 19 kila moja. Na kambi ya 10mm Auto, hii ilitoka 1983, ikasahaulika karibu isahaulike kabisa, sasa hivi imerudi kwa kasi na Glock 20 ndo unaiona vifuani mwa watu kila njia, risasi 15 kwenye magazini za greini 200 au 220. Risasi kwa risasi .44 inaishinda 10mm bila ubishi. Lakini nakuuliza, risasi ya pili ya .44 unaipiga baada ya muda gani? Hiyo bastola inarusha teke mtutu unaangalia mbinguni, mpaka uushushe upate tena shabaha, dubu kashapunguza mita kumi. Mwenye 10mm kwa muda huohuo kapiga tatu, na kama hajafanya mazoezi sana angalau mbili zimegonga kitu.

Rivolva ina utetezi wake na ni wa haki. Dubu akishakulalia, ukimkandamizia 10mm kwenye ubavu ile sehemu ya juu ya bastola inasukumwa nyuma kidogo, na ikishasukumwa haifyatui, unabonyeza hakuna kitu. Rivolva inafyatua hata ikiwa imezama kwenye manyoya. Inafyatua pia ukiishika vibaya, ukiwa umevunjika kifundo, ukiwa chali, na risasi ikigoma unabonyeza tena inakuja nyingine. Ila angalia hizi rivolva nyepesi za madini ya kisasa zinazouzwa kwa ajili ya wapanda milima, ni tamu kubeba siku nzima, lakini teke lake ni kali mpaka risasi zilizobaki kwenye silinda zinaanza kuchomoka taratibu kutoka kwenye maganda yake, mbili tatu kisha kichwa cha risasi kinatokeza mbele silinda inagoma kuzunguka. Kanunue risasi zilizobanwa vizuri na uzijaribu wewe mwenyewe: piga tano, itoe ya sita, ipime na ambayo haijawahi kuingia kwenye bastola. Kama imerefuka hizo risasi sio za bastola hiyo.

.357 Magnum kwa dubu mweusi inatosha na kwa grizli ni bora kuliko mawe. .500 S&W, hii ya 2003, naomba tusidanganyane, ni nzuri kwa kupigia picha, wachache sana wanaweza kuipiga mara mbili kwa haraka wakagonga, na uzito wake ndo ule mwisho wa siku inahamia ndani ya begi na tumerudi kulekule kwenye gogo.

Bunduki ndefu ni habari nyingine, hapa nguvu ipo kwelikweli, na kama kazi yako ni kukaa kambini, kulinda watu wanaopima ardhi, au mko kundi na mmoja kazi yake ni kuangalia tu, basi chukua ndefu. Shotigani ya kuvuta kwa mkono, Remington 870 ambayo iko toka 1950 au Mossberg 500, kipimo cha 12 (ndo unene wa mtutu), inatupa risasi moja nzima ya gramu 28 au zaidi. Marisau usiweke hata moja, yale ya kutawanyika yanaishia kwenye mafuta. Na hata hizo risasi nzima zipo laini ambazo zinabondeka zikigonga mfupa, tafuta zile ngumu za mtindo wa Brenneke. Uzuri ni bei na urahisi wa kuipata. Ubaya ni kwamba kwenye hofu mtu anavuta nusu, hamalizii mpaka mwisho, ganda halitoki, na sasa anayo fimbo ya chuma. Nimeona watu wanafanya hivo kwenye uwanja wa shabaha mchana kweupe, hakuna dubu wala nini, saa ya kuhesabia sekunde tu imeshawachanganya.

Raifo kama unaijua raifo ndo mwisho wa maneno. .375 H&H ya mwaka 1912 inatupa greini 300 kwa mwendo wa mita zaidi ya 700 kwa sekunde, hakuna bastola inayosogelea hapo. .30-06 ya 1906 yenye kichwa kizito cha greini 220 nayo imefanya hiyo kazi miaka mingi sana na watu wameidharau bure. .45-70 ya 1873 kwenye raifo fupi ya wenzo, ile unayovuta mkono wa chuma chini ya kifyatulio kuleta risasi nyingine, kama Marlin 1895 mi binafsi naipenda kupita kiasi, fupi, inapita vichakani, inabebeka, na ukiweka risasi nzito ngumu inapenya mpaka unashangaa. Darubini ya kukuza ondoa. Kwenye mita kumi ukichungulia darubini utaona manyoya tu.

Namna ya kubeba nimeisema juujuu ngoja niirudie vizuri. Kiunoni mkanda wa begi unakaa juu ya bastola, na ukivaa suruali za mpira za kuvulia kiuno chote kiko ndani. Kwa hiyo kifuani, mfuko wa bastola wenye mikanda ya mabegani, umekaa mshazari, unafikika kwa mkono wowote, hata ukiwa umekaa, hata ukiwa umelala chali. Spreyi upande wa pili. Na hivo vyote vilale na wewe ndani ya hema, mahali palepale kila usiku, na tochi.

Mazoezi. Hapa watu wananikimbia. Uwanja wa shabaha wa kusimama tuli na kulenga pole pole haukufundishi hili. Tafuta tairi kuukuu, ubandike karatasi katikati, mwenzako alivute kwa kamba ndefu kutoka pembeni nyuma yako likujie kwa kurukaruka, wewe begi mgongoni, glavu mkononi, bastola kwenye mfuko wake. Utagundua mambo. Utagundua glavu haiingii kwenye kifyatulio. Utagundua kamba ya kamera inapita juu ya bastola. Bora ugundue kwa tairi. Na kopo la spreyi la mazoezi lisilo na pilipili lipo, nunua, kile kipini cha usalama kinataka kidole kikijue.

Sheria sasa, na hii ndo sehemu wenzetu wageni wanaumia. Marekani kama uko kwa visa ya muda, ya kutembea au ya masomo, sheria ya nchi nzima inakukataza kushika bunduki au risasi, labda uwe ndani ya misamaha yake kama kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, hahesabiwi humo. Usidanganywe na rafiki anayekwambia shika tu ya kwangu porini hakuna polisi. Kwenye hifadhi za taifa toka Februari 2010 unaruhusiwa kuwa nayo kama jimbo linaruhusu, lakini kuwa nayo na kuifyatua ni vitu tofauti, kufyatua kwa kawaida ni marufuku, na ukifyatua jiandae kueleza.

Na ukimuua hujamaliza, ndo umeanza. Alaska dubu uliyemuua kwa kujitetea sio wako. Unatakiwa utoe taarifa haraka kwa idara ya wanyamapori, umchune mwenyewe, ngozi na kucha zake zikiwa bado zimeshikana nayo pamoja na fuvu, uvipeleke kwao, na ujaze maelezo ya maandishi ndani ya siku 15. Kumchuna dubu porini peke yako na mikono inatetemeka, huku hujui kama kuna mwingine anakuja kwa harufu ya damu, nakwambia kopo la spreyi litaonekana rahisi sana. Huku majimbo ya chini, Montana na wenzake, grizli analindwa na sheria ya taifa toka 1975, kujitetea kunaruhusiwa lakini watachunguza kweli, watapima alipoangukia, wataangalia risasi imeingia mbele au nyuma.

La mwisho kwa wale mnaotaka kwenda Alaska kwa gari kupitia Kanada: bastola huvuki nayo mpaka, sahau. Raifo au shotigani ya kawaida ya kuwindia unaitangaza mpakani, unajaza fomu, unalipa dola 25 za Kanada, kile kibali kinakaa siku 60. Ukishapita nenda na shotigani yako iliyofungwa, na spreyi iliyoandikwa kabisa ni ya wanyama, kwa sababu ile ya watu nayo wanaichukua. Bastola kama unaitaka tangulia kuisafirisha kwa ndege, kwenye boksi gumu lenye kufuli, haina risasi ndani, unaitangaza kaunta, na risasi kwenye mashirika mengi ni mpaka kilo tano.